Nyama ya porini, kiporo cha sikukuu na uyoga wa kuokota: maswali kwanza, jiko baadaye

Watu wakila kwangu swali la kwanza huwa ni viungo, umeweka nini humu, mbona nyama ya porini hainuki, mbona uyoga haujawa mpira, na mi huwa nacheka kidogo maana viungo ndo kitu cha mwisho kabisa kwenye hii habari. Nyama ya buchani imepita mikononi mwa mtu aliyelipwa kuikagua, ina muhuri. Ya porini haina. Uyoga wa kuokota hauna. Kiporo cha sikukuu ndo kabisa, sufuria imefunikwa kitambaa pale mezani na hakuna hata mmoja anayekumbuka ilitoka jikoni saa ngapi. Kwa hiyo kazi ya mkaguzi inabaki kwako wewe uliyeshika mwiko. Nimevipika hivi vitu vitatu miaka mingi na nikiangalia vyote vimenipeleka pale pale, jua chakula kimetoka wapi na kimepitia nini kabla hujakipeleka motoni, ukishajua hayo mapishi yenyewe wala sio magumu.

Nianze na nyama. Anayeniletea ni shemeji, ana kibali chake na anawinda msimu unaoruhusiwa, na hili sio la kupuuzia, nyama isiyo na kibali mi siipokei hata kama ni ya bure, mambo ya kwenda kujieleza siyataki. Anashusha mzigo, hajakaa, mi nishaanza.

"Shemeji, huyu ulimpata saa ngapi?"

"Asubuhi mapema."

"Utumbo ukautoa saa ngapi?"

"Hapo hapo shemeji, hata sijavuta pumzi."

"Na risasi imeingilia wapi?"

"We nipe maji kwanza bana, nitajibu nimekaa."

Anacheka lakini anajibu, maana anajua kila swali lina sababu yake. Mnyama akianguka joto la mwili halishuki saa hiyo hiyo, na ngozi ndo inazidi kulifungia ndani, hapo bakteria wa tumboni wanapata kila kitu wanachokitaka. Utumbo usipotolewa haraka na nyama isipopozwa haraka hakuna kiungo cha kuokoa hiyo kitu. Watu wengi wanasema nyama ya porini ina harufu yake ya asili, mi nadhani nusu ya hiyo harufu ni mnyama aliyekaa juani nyuma ya gari. Na kinachoharibika kwanza ni ndani kabisa ya paja, pale nyama inapogusa mfupa wa nyonga, kwa nje unaona nyama nyekundu safi inang'aa, kumbe huko ndani pameshachacha. Kwa hiyo mi nikipokea paja sinusi juu juu, nachomeka kisu chembamba mpaka kigote mfupa, nakitoa, nanusa ncha. Kisu hakidanganyi. Kikitoka na harufu ya uchachu basi sehemu yote ile ya karibu na mfupa inaenda, hata shemeji anune.

Swali la risasi nalo lina mambo mawili. Ikipita tumboni, kila kilichoguswa na kinyesi nakikata na kutupa, sikioshi, maana ukimwagia maji unasambaza uchafu kwa nyama iliyokuwa nzima. La pili ni ledi, ile metali laini yenye sumu. Risasi nyingi bado zimetengenezwa kwa ledi na ikigonga mfupa inasambaratika vipande vidogo ambavyo huvioni na wala meno hayavisikii, vinaruka mbali na lile tundu unaloliona. Kwa hiyo nakata pana kuzunguka jeraha, naondoa nyama yote iliyovilia damu, na nyama ya karibu na hapo siisagi. Watoto na mama mjamzito mi siwapi kabisa nyama iliyopigwa kwa ledi, ledi inaharibu ubongo unaokua na hakuna kiasi chake unachoweza kusema hiki hakina neno.

Na mnyama aliyekutwa amekufa? Hapana. Hata awe wa moto bado, hata mtu aape amemwona akianguka. Kuna kimeta, mnyama amekufa ghafla na damu inatoka puani au nyuma na haigandi, huyo hata kumgusa usimguse, vijidudu vyake vinajifungia kwenye ganda linalovumilia miaka na miaka ardhini, we toa taarifa kwa watu wa mifugo au wanyamapori uondoke. Sungura mwitu naye namchuna na glavu kwa sababu ya tularemia, ugonjwa wa bakteria, inaingia kwenye mchubuko mdogo tu wa kidole.

Haya sasa, nyama imepita usaili. Kinachofuata ni utando. Ule weupe unaong'aa juu ya msuli, umebana kama soksi ya nailoni, huo motoni hauyeyuki kwa mapishi ya haraka, unajikunja na kuivuta nyama ikakakamaa. Nachomeka ncha ya kisu chini yake, nauinua kidogo mpaka nipate pa kushika, afu navuta kwa mkono mmoja huku kisu kimelala karibu bapa kikielekea juu kwenye utando na sio chini kwenye nyama. Ukipatia unatoka mkanda mrefu bila kuchukua nyama. Na mafuta ya mnyama pori natoa yote, mafuta ndo yanabeba ile harufu kali na ndo yanayowahi kuharibika hata ndani ya friza, nikitaka mafuta naweka ya ng'ombe. Ya kusaga ndo kabisa, bila kuongeza mafuta inakuwa mchanga mdomoni.

Maana shida kubwa ya hii nyama ni ukavu. Mnyama aliyekimbia maisha yake yote hana mafuta katikati ya nyuzi, ukimpika kama ng'ombe wa kunenepeshwa unapata kamba. Mi nagawa mara mbili tu. Sarara na mgongo ni moto mkali, muda mfupi, inapumzika, inakatwa kukatisha nyuzi. Shingo, mguu, bega, hizo ni moto mdogo na masaa, kifuniko kimefungwa, mchuzi unatikisika tu kidogo juu, usichemke kwa fujo. Kule kwenye misuli iliyofanya kazi kumejaa kolajeni, ile protini ngumu inayoshikilia msuli, na kolajeni inaanza kugeuka jelatini laini kwenye nyuzi joto 70 za Selsiasi hivi kwenda juu lakini inataka muda, ukiiharakisha nyuzi za nyama zinakamua maji yote kabla kolajeni haijalainika. Ndo maana kuna wakati unaonja baada ya saa moja na nusu unakuta ngumu unasema basi hii nyama mbovu, we ngoja, saa ya tatu inaachia yenyewe.

Habari ya kuloweka kwenye siki au ndimu usiku kucha mi sikubaliani nayo. Asidi inaingia milimita chache tu, huko nje nyama inakuwa ungaunga na ndani iko vile vile. Chumvi ndo inaingia kweli ukiipa muda, kwa hiyo napaka chumvi jioni, inalala kwenye friji, kesho naipangusa ikauke naipika.

Joto la ndani napima kwa themomita, haina aibu. Nyama ya kusaga 71, ndege 74, nguruwe pori kwa wanaomla 71 bila mjadala. Huyu wa mwisho ana minyoo ya trichinella, na watu wanajifariji eti nimeigandisha, nimeikausha kwa moshi, nimeitia chumvi. Kwenye wanyama pori kuna aina za huyo mnyoo zinavumilia baridi ya friza vizuri tu, na chumvi na moshi wa nyumbani haviaminiki. Moto peke yake. Sarara ya swala kuna wakati naitoa bado ina wekundu katikati, ila huyo ni mnyama ninayejua habari zake zote na wanaokula ni watu wazima wenye afya zao.

Kiporo sasa, na hapa ndo nyumba nyingi zinagombana. Sikukuu inaisha, watu wameshiba, kila mtu amejilaza, na chakula kiko mezani. Kanuni ni masaa mawili tangu kitoke motoni, na siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32 ni saa moja tu. Mi sasa hivi sufuria ikishuka jikoni naweka alamu kwenye simu, ikilia nanyanyuka, hata kama stori imenoga. Mama mkwe wangu yeye ni muumini wa kuchemsha, kwamba chakula kikichemshwa asubuhi na jioni hakiharibiki, na kwa miaka ambayo hakukuwa na friji hiyo ndo ilikuwa njia yenyewe kwa hiyo siwezi kumvunjia heshima. Lakini nilimweleza taratibu, mama, kuna bakteria mwingine wewe unamuua sawa, ila sumu aliyokwisha kuiacha haifi. Wali ndo mfano mzuri. Kuna mmoja anaitwa Bacillus cereus, spora zake, yaani vijimbegu vyenye ganda gumu, zinapona kwenye kuchemka, wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana, zinatoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo ukiichemsha ukaikaanga inabaki vile vile. Sufuria kubwa la mchuzi wa nyama nalo lina mkaazi wake, Clostridium perfringens, anapenda nyama nyingi iliyopoa polepole. Akanisikiliza, akanyamaza, akasema basi leteni hivyo vikopo.

Vikopo ndo siri yenyewe. Sufuria la lita kumi ukiliingiza kwenye friji zima, katikati linabaki la moto mpaka usiku wa manane, na linapasha joto vilivyo jirani. Ukigawa kwenye vyombo vya kina kifupi, vidole viwili vitatu hivi, kinapoa haraka. Nikiwa na haraka zaidi natumbukiza sufuria kwenye beseni la maji ya barafu huku nakoroga. Na hii ya kusubiri chakula kipoe kabisa ndo kiingie friji eti friji itaharibika, jamani, friji inafanya kazi zaidi kidogo tu, tumbo lako ndo litakaloharibika. Friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini. Siku tatu, mwisho nne, baada ya hapo friza au jalala. Na napasha kile tu cha kula saa hiyo, mpaka 74, sio sufuria zima linaenda motoni linarudi kila siku.

Kuna jambo lingine la kiporo ambalo sio la usalama ni la ladha. Nyama iliyopikwa ikilala, kesho yake ina kale kaladha ka makopo, ka ubao ulioloa, na ya porini inazidi kwa sababu ina madini ya chuma mengi. Ni mafuta yameungana na hewa, chuma kinaharakisha. Dawa yake ni kuilaza ndani ya mchuzi wake imezama, hewa isiipate, na kuipasha humo humo na kifuniko. Nyama ya kuoka kavu mi siipashi kabisa, naikata nyembamba ya baridi hivyo hivyo naila na mkate.

Uyoga. Hapa nitakaa kidogo maana hapa hakuna kujaribu. Aliyenifundisha ni bibi mmoja mtu mzima sana, tulikuwa tunaenda naye baada ya mvua, na ukimwonyesha uyoga ukasema bibi huu unaliwa? hajibu. Anataka umwambie kwanza umeota juu ya nini, ardhi au gogo, jirani na mti gani, na chini una nini. Chini ndo kila kitu. Alikuwa ananikataza kuuvunja shina, anachimba na kijiti mpaka anaunyanyua na udongo wake, anaupangusa, anautazama mguu. Kama kuna kikombe, kile kifuko ambacho uyoga umetokea ndani yake, na juu una pete shingoni na mikunjo myeupe chini ya kofia, anauacha hapo hapo na anapangusa mikono kwenye majani.

Baadaye nilivyosoma nikaelewa alikuwa anaepuka nini. Amanita phalloides, uyoga wenye sumu kali, na ndugu zake. Huo mmoja ndo unaobeba vifo vingi kabisa vya uyoga duniani, na umeshasambaa mabara kadhaa kupitia mizizi ya miti iliyohamishwa. Sumu yake haitoki kwa kuchemsha, kukausha wala kugandisha, na nusu ya kofia inaweza kumaliza mtu mzima. Ubaya wake hauumi mapema. Unakula, unasifia, masaa 6 mpaka 24 hakuna kitu, afu unatapika na kuharisha, afu unapata nafuu, watu wanashukuru, huku ini linakufa kimyakimya. Mkesha wa mwaka mpya wa 2012 kule Canberra, Australia, watu walikula chakula cha sikukuu chenye uyoga huo, wawili wakafa. Ukiwa mchanga unafanana na uyoga wa majani ya mpunga ambao watu wa Asia wameula vizazi na vizazi, ndo maana wanaodanganyika mara nyingi ni watu wanaojua uyoga, ila wanaujua wa nchi nyingine.

Kwa hiyo zile habari za kutumbukiza kijiko cha fedha, au kitunguu kikibadilika rangi una sumu, au konokono akiula na wewe unaweza, zote ni uongo, konokono anakula huo huo unaokuua. Ukimwambia mtu anakujibu babu alikuwa anafanya hivyo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kinachosaidia kweli ni chapa ya spora, yaani alama ya vumbi la mbegu za uyoga. Unakata shina, unalaza kofia juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, unafunika na bakuli, unalala. Asubuhi unakuta vumbi limechora mikunjo yote. Kuna uyoga mmoja mkubwa mzuri kweli unaota kwenye majani ya bustani sehemu za joto, Chlorophyllum molybdites, mweupe una magamba, unatamanisha, chapa yake inatoka ya kijani iliyofifia. Kijani hiyo ikitokea unatupa. Usiku mmoja wa kutapika hautakuua pengine lakini utatamani ufe.

Mengine ni ya haraka. Kila aina kikapu chake, usichanganye. Kando ya barabara usiokote, uyoga unavuta madini mazito. Aina mpya kwako, hata ukishaijua kwa hakika kuwa inaliwa, kula kidogo tu, na bakiza mmoja mbichi kwenye friji ili mambo yakiharibika daktari awe na cha kukitazama. Na pika, kila siku pika. Mwaka 2023 huko Montana, Marekani, watu zaidi ya hamsini waliugua na wawili wakafa kwa uyoga unaoitwa moreli, ambao ni wa kuliwa kabisa, ila uliandaliwa mbichi au haujaiva. Afu kwa wanywaji, kuna uyoga wa wino, Coprinopsis atramentaria, wenyewe unalika, ila una kitu kinazuia mwili kuvunja pombe, ukinywa hata siku moja mbili baadaye uso unawaka, moyo unakimbia, unatapika. Siku za sikukuu huo mi siuokoti hata nikiukanyaga.

Na nyama na uyoga vinakutana hata kabla ya sufuria. Kusini mwa Ujerumani, Bavaria, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl 1986 nyama ya kulungu ilipungua mionzi kadiri miaka ilivyokwenda, nguruwe pori akabaki nayo juu, watu wakashangaa. Kumbe anafukua uyoga wa chini ya ardhi unaohifadhi sesiamu, ile metali yenye mionzi, na utafiti wa 2023 ukaonyesha sehemu yake ilitoka hata kwa majaribio ya mabomu ya zamani kabla ya hiyo ajali.

Haya, sufuria lenyewe ambalo watu huwa wanaulizia viungo vyake. Uyoga nauchana kwa mkono, naweka kwenye kikaango kikavu bila mafuta bila chumvi, moto wa kati. Karibu asilimia 90 yake ni maji, kwa hiyo unaanza kutoa maji, unachemka kwenye maji yake, unatoa sauti nzito ya kububujika, usiuguse. Maji yakiisha unanyamaza kidogo, halafu unaanza kulia kwa sauti nyembamba kavu, hapo sasa ndo mafuta, chumvi na kitunguu. Hauwi rojorojo hata ukikaa, kuta zake zimejengwa kwa kaitini na kaitini haiyeyuki kwa moto wa jikoni. Ukipata rangi ya kahawia namwaga supu ya mifupa, inapungua nusu, ndo kiporo cha nyama kinaingia mwishoni kabisa pamoja na mchuzi wake, kinapata joto lake basi, hakipikwi mara ya pili.

Ladha inayotoka hapo haitokani na mkono wangu. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Japani alitenga glutameti, kitu kinacholeta ladha nzito ya supu, kwenye mwani, baadaye mtafiti Akira Kuninaka akaonyesha kwamba glutameti ikikutana na inosineti ya nyama au guanileti ya uyoga hazijumlishwi, zinazidishana. Uyoga uliokaushwa una guanileti zaidi ya mbichi, ndo maana mi nakausha kila ninaouzidisha na maji ya kuulowekea simwagi, nachuja mchanga namimina kwenye sufuria. Chumvi, pilipili manga, jani moja la bay. Zaidi ya hapo unaanza kuficha.

Mifupa ya ndege wa sikukuu na ya paa naichoma kwanza kwenye oveni, nachemsha moto mdogo siku nzima, nachuja, napoza kwenye barafu, nagandisha kwenye vikopo vidogo. Naandika tarehe na jina la mnyama kwa kalamu ya wino mzito kabla hakijaingia friza, maana ikishaganda, supu ya kanga na supu ya paa zina rangi moja na mi mwenyewe siwezi kuzitofautisha.